Nywele za Gozbert na Msiba Usio na Marehemu

Gozbert alianza kuamkiwa shikamoo na watu waliomzidi umri akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kidogo. Nywele zilimkimbia mapema. Zilianzia kwenye paji, zikarudi nyuma, mwisho zikabaki za kuzunguka masikio na kisogo tu, kama kikapu kilichotoboka kitako. Uso wake ni wa kijana, lakini watu hawakuwa wanafika usoni. Waliishia kichwani.

Tunafanya kazi pamoja kwenye ghala la vifaa vya ujenzi huku Temeke. Yeye anapokea saruji na nondo zinazoingia, mie natoa zinazotoka, kwa hiyo tumekuwa tukitazamana mlango kwa mlango miaka mingi. Ni mtu wa Bukoba, mpole, hapendi ugomvi. Rogers, kiongozi wa wapakiaji, alimpa jina la Babu Mbalamwezi, na Gozbert aliitika.

Kilichomshinda ni siku mkewe Tekla alipojifungua mtoto wa pili. Gozbert alifika hospitali na chupa ya uji, nesi akamwambia, "Babu, we pumzika hapo kwenye benchi. Baba wa mtoto akija tutamwita." Gozbert akakaa kwenye benchi. Alikaa mpaka uji ukapoa. Ni Tekla aliyepiga kelele kutoka ndani, "Huyo babu ndiye mwenyewe!" Wodi nzima ikacheka.

Kesho yake aliniambia, "Bakari, mie nimechoka kuwa babu."

Nyumbani kwake Chamazi alikuwa na banda la nguruwe. Mie nilipomtembelea nilikaa upande wa pili wa nyumba, na yeye hakunilazimisha kuwaona, ndivyo tulivyoheshimiana. Nguruwe wale walikuwa wa Tekla zaidi kuliko wake. Tekla aliwapa majina na aliwajua kwa sauti. Basi Tekla alipokwenda Bukoba na watoto kumwuguza mama yake mguu, Gozbert akauza banda zima, akachukua likizo, akamwambia mkewe kwenye simu kwamba anakwenda semina ya kazi Dodoma. Akapanda ndege kwenda Uturuki kupandikizwa nywele. Mie peke yangu nilijua, na alikuwa ameniapisha.

Niliyempokea uwanja wa ndege sikumjua mpaka aliponiita jina. Kichwa chote kilikuwa kimenyolewa, na juu, pale palipokuwa patupu, pamejaa vitone vidogovidogo vyenye damu iliyokauka, kama tuta la mchicha lililomwagwa mbegu jana. Paji la uso lilikuwa limevimba, na uvimbe umeshuka machoni. Aliona kwa mwanya mdogo tu.

"Wamechukua za kisogoni wakazipanda mbele, moja moja," akasema. "Daktari kasema mpaka Jumapili zisiguswe. Nisivae kofia, nisiiname, nisipigwe jua, nisitoke jasho, nilale nimekaa. Zikishatoka zimetoka, Bakari. Huko nyuma hakuna nyingine za kuchukua."

"Na kazini?"

"Likizo imeisha. Kesho Jumatano naingia."

"Si useme unaumwa?"

"Watataka cheti. Cheti kitasema naumwa nini?"

Tukaenda kulala, yeye akalala amekaa kwenye kochi kama mtu anayesubiri kuitwa.

Shida ya kwanza ilikuwa getini. Ghala letu lina sheria moja isiyo na msamaha: hakuna kuingia bila kofia ngumu, tangu pale mfuko wa saruji ulipomwangukia mteja. Na mlinzi wetu Mudathir ni mtu aliyewahi kumzuia bosi mwenyewe kwa sheria hiyo, bosi akarudi kwenye gari kuchukua kofia.

"Mzee Gozi, karibu kutoka likizo," akasema Mudathir. "Kofia?"

Gozbert akajipapasa mifuko.

"Nasema kofia iko wapi? Umesahau nyumbani? Haya, chukua hii ya akiba." Akaitoa msumarini, akaja nayo ameiinua juu kwa mikono miwili, tayari kumvisha.

Gozbert akaruka nyuma, mikono imekinga kichwa. Jua lilikuwa linampiga usoni, na yale macho yaliyovimba yakaanza kutiririka machozi. Mudathir akasimama. Akatazama kichwa kilichonyolewa kama kwa wembe butu, akatazama macho. Taratibu akaishusha ile kofia mpaka kifuani.

"Inna lillahi," akasema kwa sauti ndogo. "Umefiwa, Mzee Gozi?"

Gozbert aliitazama ile kofia. Akanitazama mie. Kisha akafumba macho.

"Pita, kaka yangu. Pita tu. Kofia kitu gani mbele ya kifo?"

Tukapita. Tulipofika kwenye kivuli cha mabati nikamwuliza, "Umemkubalia kwamba umefiwa?"

"Sijamkubalia. Nimefumba macho."

Ningependa kusema jambo liliishia hapo, lakini mahali petu pana chama cha kufa na kuzikana, na mwenyekiti wake ni Mwajabu wa ofisini. Chama kilikuwa kimenunua turubai jipya kubwa, viti, na sufuria mbili ambazo mtoto anaweza kuoga ndani. Na tangu vinunuliwe, hakuna aliyefiwa. Turubai lilikuwa bado kwenye nailoni yake. Wanachama walikuwa wameanza kunung'unika chinichini kwamba wanachangia kitu ambacho hakuna anayekitumia. Siwezi kusema Mwajabu alikuwa anamwombea mtu kifo, ni mama mwema sana. Ila Mudathir alipompelekea habari, alitoka ofisini akiwa tayari amejifunga khanga kiunoni.

Alikuja mbio, mikono wazi, analia. Niliona anakokwenda: alikuwa anakuja kukikumbatia kile kichwa na kukilaza begani, kama wanawake wanavyofanya. Nikajitupa katikati. Akanikumbatia mie, akanililia shati lote.

"Mwajabu," Gozbert akasema, "mie sijafiwa."

"Najua, baba."

"Kweli, sijafiwa."

"Hata mie marehemu mume wangu alipofariki nilisema hivyohivyo. Siku tatu nzima nampikia." Akafuta pua. "Usiseme kitu. Usijichoshe. Kila kitu tuachie sie."

"Turubai halina haja..."

"Halina haja?" Hapo Mwajabu akaacha kulia kidogo. "Tumelinunulia nini?"

Bosi naye akatoka, akampa Gozbert mkono, akasema kazi itamsubiri, apumzike mpaka wiki ijayo. Hakuna aliyeuliza amefariki nani. Huwezi kumwuliza mfiwa amesimama mbele yako na macho yameumuka vile. Kila mmoja aliamini mwenzake ameshaambiwa.

Niliingia naye kwenye kenta ya ghala iliyobeba turubai, tukakaa mbele na dereva. Nilitaka kumwambia aseme ukweli kabla kenta haijafika Chamazi. Yeye akaninong'oneza kwanza.

"Nimefikiri, Bakari. Msibani nitakaa kivulini. Sibebi mzigo, sivai kofia, siinami, siendi juani. Usiku nitakesha nimekaa na hakuna atakayeshangaa. Mpaka Jumapili! Hata Uturuki hawakunipa nafasi nzuri hivi."

"Na watu watakaokuja kukushika kichwa?"

Akafikiri. "Utakaa karibu yangu," akasema.

Basi nikakaa karibu yake. Kama kuna kazi ngumu niliyowahi kufanya ni ile. Watu wa ghalani walikuja, majirani wakaja, watu wa jumuiya ya kanisani kwake wakaja, na kila mmoja alikuja na mikono yake. Wanaume walitaka kumpiga begani na kumvuta shingo. Kina mama walitaka kichwa. Nilikuwa nazuia kushoto na kulia kama golikipa wa timu mbovu. Gozbert alikaa wima kwenye kiti cha plastiki, haongei, hainami, amefumba macho. Watu walisema hawajawahi kuona mtu aliyeumia namna ile.

Kila baada ya muda alitoa mfukoni kichupa alichopewa na daktari, chenye maji ya chumvi ya kupulizia, akajipulizia utosini. Mama Gladness, kiongozi wa jumuiya, aliona. Akasogea.

"Baba, hayo maji ya baraka yanatoka wapi?"

"Uturuki," Gozbert akasema, kwa sababu uongo haukuwahi kumjia haraka.

"Efeso!" akasema Mama Gladness, akawageukia wenzake. "Ni ya kule kwa Mtume Paulo!" Akainamisha kichwa. Gozbert alimtazama, akanitazama, akampulizia. Nyuma yake foleni ikawa imeshajipanga. Kichupa kikaisha kabla ya magharibi, ikabidi nikatafute chumvi na maji yaliyochemshwa.

Walipoanza sala, Mama Gladness alisimama mbele. "Tumwombee ndugu yetu marehemu..." Akasimama, akasubiri mtu amtajie jina. Akamtazama Gozbert, Gozbert amefumba macho. Akamtazama Mwajabu, Mwajabu akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesema endelea tu. "...marehemu ambaye jina lake Mungu analifahamu," akamalizia, na watu wote wakajibu, tena kwa nguvu, kwamba apumzike kwa amani.

Baada ya sala akaja na mikono yote miwili mbele, anataka kumwekea kichwani amwombee faraja. Nilishindwa kumzuia kwa mwili, maana ni mama wa heshima. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mama, samahani. Kwa mila zao, kichwa cha mfiwa hakiguswi."

"Kweli?"

"Mpaka Jumapili."

Mama Gladness akarudisha mikono, akaomba radhi. Habari ikatembea chini ya turubai lote. Baada ya muda mfupi nilisikia watu wawili nyuma yangu wakifundishana kwamba kwa Wahaya ukimgusa mfiwa kichwa roho ya marehemu inahamia kwako. Kulikuwa na mzee mmoja wa Bukoba pale, nikaogopa atanikanusha. Wakamwuliza. Yule mzee akaitikia kwa kichwa polepole, akasema, "Ndiyo. Hiyo ni ya zamani sana. Vijana wengi hawaijui."

Nikapata nafasi ya kupumua, ila si kwa muda mrefu. Ijumaa asubuhi Rogers alifika na vijana wake wapakiaji, wana majembe na sururu. Akapiga goti mbele ya kiti cha Gozbert. Rogers yule yule wa Babu Mbalamwezi.

"Kaka," akasema, "utani wangu wote naomba unisamehe. Tuoneshe pa kuchimba tu. Tutachimba hata kwenye mwamba."

Gozbert akafumbua macho kadiri yalivyoweza kufumbuka. Nilimwona amechoka. "Rogers," akasema, "hakuna kaburi."

Rogers akainuka, akawaendea vijana wake. "Hakuna kaburi," akawaambia. "Amepotea baharini." Wakakaa chini, wakaweka majembe, wawili wakaanza kulia.

Nilimwinamia Gozbert nikamwambia, "Sasa sema. Wanaume wazima wanalia."

"Bado kesho na keshokutwa tu."

"Sema wewe, au nitasema mie."

"Bakari, wakijua leo watacheka, na wakicheka watataka kushika. Rogers atanishika wa kwanza. Umewahi kumwona Rogers akiona kitu kipya asikishike?"

Hilo lilikuwa kweli. Nikarudi kuzuia mikono.

Kitu ambacho hatukukipangia ni kwamba kuna jirani alikuwa na namba ya Tekla. Jirani yule hakutaka kumshtua, kwa hiyo alimwambia tu, "Dada Tekla, njoo nyumbani, usiulize." Ukimwambia mtu usiulize, unadhani anafikiria nini? Tekla alipanda basi na watoto siku ileile, na kumpigia mumewe aliogopa, asije akapokea mtu mwingine.

Jumamosi mchana tulisikia kilio kutoka barabarani. Tekla alikuwa ameona turubai. Alitupa mkungu wa ndizi, akatupa begi, akaja anakimbia na mtoto mgongoni. "Gozi wangu! Gozi wangu mie, umeniachia nani!"

Kina mama wakamdaka, wanalia naye, wanamwambia ajikaze. Hakuna aliyemwambia kwamba mumewe yuko hai, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ndicho anacholilia. Gozbert akainuka kutoka kwenye kiti chake. "Mama Koku," akamwita mkewe.

Tekla akageuka. Akaona mtu mwenye uso uliovimba, kichwa kimenyolewa na kina vitone vya damu, anamwita kwa sauti ya mumewe. Alipiga ukelele ambao sijausikia tena. Kisha akasogea, akamtazama miguu. Nadhani ni ndala alizozitambua.

"Ni wewe?"

"Ni mie."

"Uko hai?"

"Niko hai."

Tekla akavuta pumzi, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akatugeukia sote.

"Sasa nani amekufa?"

Ungesikia sufuria zinavyochemka. Mwajabu akamtazama Mama Gladness. Mama Gladness akamtazama Mudathir.

"Mie," akasema Mwajabu, "nilijua ni mama yako."

"Mama yangu nimemwacha anakaanga senene!"

"Mie nilisikia ni baba mzazi wa Mzee Gozi," akasema Mudathir.

"Alikufa kabla hatujaoana."

"Si pacha wake?" akauliza Rogers. "Yule baharia?"

"Pacha gani? Hana pacha huyu, na kuogelea hajui!" Tekla akamsogelea mumewe. "Gozi, nani amekufa?" Halafu akasimama ghafla, akatega sikio upande wa uani. "Mbona bandani kimya?"

Gozbert akafumba macho.

"Nguruwe wangu wako wapi? Mmekula nguruwe wangu msibani?"

"Astaghfirullahi!" Mwajabu akaruka na mwiko mkononi. "Mie nipike nini? Sufuria zile mpya kabisa! Hapa ni wali na nyama ya ng'ombe, funua uone!"

"Basi wako wapi?"

Gozbert akainua kidole, polepole, akaonyesha utosini mwake. "Wako hapa," akasema.

Kisha akasema yote. Alisema wima, amefumba macho, kama mtoto anayesoma shairi darasani: Uturuki, kisogo, moja moja, mpaka kesho Jumapili zisiguswe. Alisema na habari ya benchi la hospitali. Alipofika pale kwenye uji kupoa akaishia hapo, akakaa.

Nilimtazama Rogers, nikajiweka tayari. Hakucheka. Alikuwa ameshika sururu yake kwa mikono miwili, mdomo wazi. "Kwa hiyo baharia yule," akasema, "hakuwepo kabisa?"

"Katiba ya chama," akaanza Mwajabu, na sauti ilikuwa inapanda, "ni ya kufa na kuzikana. Hakuna mahali imesema nywele! Turubai jipya! Litashuka sasa hivi, na wewe Gozbert..." Nyuma yake mmoja wa wapishi akasema wali umeiva.

Ni Mudathir aliyeokoa. Alisogea mbele, akakohoa. "Mie nilimwachia mtu apite getini bila kofia," akasema. "Sijawahi. Angalau nizione."

Akaweka mikono nyuma, akamwinamia Gozbert, akatazama. Akapita upande wa pili. Nyuma yake akaingia mwingine naye ameweka mikono nyuma, na mwingine, na kabla hujajua foleni ilikuwa imezunguka turubai lote, wanaume upande huu, wanawake upande ule, kama siku ya kuaga mwili. Walikuwa hawajaaga mtu tangu Jumatano, nadhani miguu yao ilikuwa inadai. Walipita polepole, bila kusukumana. Mama Gladness akapiga ishara ya msalaba. Mama mmoja wa jirani akasema, "Amependeza. Utadhani amelala," akajifuta macho, akaendelea na safari.

Rogers alipofika kidole kilimnyanyuka. Nilikiona. Tekla alikiona pia, akakipiga kofi.

"Mikono nyuma kama wenzio!"

Kisha akasimama yeye kando ya kiti cha mumewe, mbele ya foleni, akawasimamia mpaka wa mwisho alipopita. Hapo ndipo akainama yeye. Alikaa ameinama muda mrefu, anatazama kile kichwa kama anachagua maharage.

"Hizi zote za hapa mbele," akasema, "ni yule jike mkubwa."

"Nisamehe, Mama Koku," Gozbert akasema.

"Nisikusikie. Na usitikise kichwa." Akafukuza inzi kwa kitenge. Akamgeukia Mwajabu. "Dada, turubai liache. Hana kivuli kingine, na nyumba yangu ina joto. Zikifa hizi, hapo ndipo mtanikuta nalia kweli."

Mwajabu akalitazama turubai lake, akatutazama. "Pakueni wali," akasema.

Tukala. Jumapili baada ya misa wengi walirudi, wa ghalani na wa jumuiya, na hakuna aliyewaita. Tekla alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha, akaweka kiganja kwenye utosi wa mumewe na kukandamiza. Gozbert alikuwa ameshika kiti mpaka vidole vimepauka. Tekla akainua kiganja, akakigeuza juani, akakitazama upande mmoja na upande wa pili, kisha akatuonyesha sote. Hakukuwa na unywele hata mmoja.

"Zimeshika," akasema.

Mwajabu akapiga vigelegele, akamtuma Rogers kuleta ngazi ya kushushia turubai.